Riwaya na Tasnifu Katika Jalada Moja

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu kilichobeba vitu viwili kwa pamoja: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu moja inamfundisha msomaji kanuni za vina na mizani. Nyingine ni mashairi ya mtunzi mwenyewe. Hakuona haja ya kuzitenga. Aliyedai kuzijua sheria alipaswa kuonyesha anavyozifuata, na aliyetunga alipaswa kuweza kueleza kwa nini beti zake zimekaa vile. Miaka 25 baadaye M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliokuwa upande mwingine kabisa wa mgogoro wa ushairi, walitoa kitabu chenye umbo lilelile. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) inajenga kwanza hoja kuhusu ushairi ni nini, ikikataa kwamba vina na mizani ndivyo roho yake, kisha inaweka mashairi yao mezani yawe ushahidi. Hawa na yule hawakukubaliana hata kidogo kuhusu vina. Walichokubaliana, bila kuambiana, ni kwamba hoja na utunzi vinaweza kukaa jalada moja.

Shahada ninayoizungumzia katika sura hii imejengwa juu ya wazo hilohilo. Ni shahada ya juu inayounganisha uandishi wa kubuni na fasihi. Mwanafunzi hutunga riwaya, diwani au mkusanyiko wa hadithi fupi, na sambamba na hilo huandika uhakiki wa kitaaluma. Mwishoni vyote hupelekwa kwa watahini vikiwa kazi moja. Ni vyuo vya Marekani na Uingereza vilivyoipa kanuni na cheti, lakini mtunzi wa Kiswahili anayeiomba haendi kuazima kitu ambacho wazee wake hawakukijua. Nasisitiza hili mapema kwa sababu mtu akianza kwa kujiona mwombaji wa hisani, hata barua yake ya maombi hupoa, na kazi itakayofuata hupoa pia.

Iowa, kisha Norwich

Mwaka 1922 Carl Seashore, mwanasaikolojia aliyekuwa mkuu wa masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Iowa, alitangaza kwamba kazi ya kubuni inaweza kukubaliwa kuwa tasnifu. Muongo mmoja baadaye kijana wa jimbo hilohilo, Paul Engle, alipata shahada ya uzamili kwa mkusanyiko wa mashairi. Mwaka 1936 Warsha ya Waandishi ya Iowa ikaanzishwa rasmi chini ya Wilbur Schramm, na kuanzia 1941 hadi 1965 ikaongozwa na Engle huyohuyo. Norman Foerster, msomi aliyeisimamia shule ya fasihi ambamo warsha hiyo ilizaliwa, hakuwa na nia ya kuzalisha waandishi tu. Alitaka mhakiki na mtunzi wasome chumba kimoja, kila mmoja akijua kazi ya mwenzake inavyofanyika.

Umoja huo haukudumu. Kadiri warsha zilivyoenea Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watunzi walishika njia yao na wahakiki yao. MFA ikawa shahada ya mtunzi, ya miaka miwili au mitatu, ambayo mwisho wake ni mswada. PhD ya fasihi ikabaki kwa mhakiki. Katika idara nyingi watu hawa walipitana kwenye korido bila kusomana. Shahada ya pamoja ni juhudi ya kuwarudisha chumba kimoja. Chuo Kikuu cha Houston, Texas, kina PhD ya Fasihi na Uandishi wa Kubuni. Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles, kina PhD ya Uandishi wa Kubuni na Fasihi. Cornell, katika jimbo la New York, kimekuwa na mpango wa kuunganisha MFA na PhD kwa wachache wanaokubaliwa na pande zote mbili.

Uingereza ilichelewa. Malcolm Bradbury na Angus Wilson walianzisha shahada ya uzamili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia, Norwich, mwaka 1970, na mwanafunzi wao wa mwanzo alikuwa Ian McEwan. Kazuo Ishiguro alimaliza hapo mwaka 1980. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1987 chuo hicho kikaanzisha PhD ambayo ndani yake utunzi na uhakiki vinakwenda pamoja, na baadaye vyuo vingi vya nchi hiyo vikafuata.

Tofauti ya mifumo hii miwili ina uzito mkubwa kwa anayetaka kuomba. Marekani mzigo wa fasihi hubebwa kwanza na kozi, kisha na mtihani mkubwa unaotokana na orodha ndefu za vitabu, ndipo mwanafunzi aruhusiwe kuanza tasnifu. Miaka mitano hupita upesi, na mingine huongezeka. Uingereza hakuna kozi za kukuchelewesha: unaanza na pendekezo la utafiti, unapewa wasimamizi, na unaandika tangu mwezi wa kwanza. Kwa kawaida sehemu ya kubuni huwa kati ya maneno 70,000 na 80,000, na ya uhakiki kati ya 20,000 na 30,000, kwa miaka mitatu au minne. Mtu ambaye hakupata bahati ya kusoma kwa upana huko nyuma, mwenye njaa ya vitabu na anayehitaji kusukumwa, ningemshauri Marekani. Mwenye mswada uliokwisha kukomaa kichwani na swali linalomkosesha usingizi, Uingereza itamfaa zaidi.

Swali moja, kazi mbili

Kosa kubwa linaloharibu miaka ya masomo haya ni kuuona upande wa uhakiki kama ushuru unaolipwa ili mtu aachwe atunge. Mwanafunzi mwenye mtazamo huo huandika riwaya kwa moyo, kisha dakika za mwisho hutafuta nadharia ya kuipachika. Watahini huliona hilo kurasa za mwanzo tu. Lakini hasara yake haiishii kwenye mtihani: riwaya yenyewe hubaki na ujuzi ambao mwandishi alikuja nao, kana kwamba hakusoma chochote.

Tazama kilichompata Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1964 alikwenda Leeds, Uingereza, na akajiwekea utafiti juu ya fasihi ya Karibiani, hasa kazi za George Lamming. Aliondoka mwaka 1967 bila kukamilisha tasnifu, lakini akiwa ameandika A Grain of Wheat. Kwa kanuni za wakati ule riwaya hiyo haikuwa na nafasi katika kumbukumbu za masomo yake. Hata hivyo utafiti haukupotea. Sehemu yake iliingia katika insha za Homecoming (1972), na mtu akisoma insha hizo kando ya riwaya huona akili moja ikishughulika na jambo moja: jinsi jamii iliyotawaliwa inavyojisimulia bila kumfanya mtu mmoja kuwa shujaa wa wote. Chini ya utaratibu wa shahada ya pamoja, riwaya ile na sura chache juu ya Lamming ndizo hasa zingeombwa.

Mwaka baada ya Ngũgĩ kuondoka Leeds, Taban lo Liyong alipata MFA ya Iowa, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1968 alikuwa Nairobi, akitia sahihi pamoja na Ngũgĩ na Henry Owuor-Anyumba waraka uliodai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1969 zikatoka hadithi zake, Fixions, na insha zake za uhakiki, The Last Word. Kwa mtu wa namna yake, kutunga na kubishana vilikuwa pumzi moja.

Lakini kwa msomaji wa Kiswahili hakuna mfano mzito kuliko Euphrase Kezilahabi. Alipokwenda kusomea PhD katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, hakuwa mwanafunzi anayetafuta sauti. Rosa Mistika ilikuwa imetoka 1971, Kichwamaji na Kichomi 1974, na katika utangulizi wa Kichomi alikuwa ameshasimama hadharani kuutetea ushairi usiofungwa na vina. Alikuwa pia ameandika tasnifu ya uzamili Dar es Salaam juu ya riwaya za Shaaban Robert; yaani kijana mwasi alikaa chini akamsoma mkongwe kwa makini kabla ya kuendelea. Tasnifu yake ya Wisconsin, ya mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ndani yake alikuwa akipambana na zana za uhakiki zilizoletwa kutoka nje, zinazomweka msomaji upande mmoja na kazi ya sanaa upande mwingine kama kitu cha kupimwa.

Kisha zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991). Msomaji aliyemzoea Kezilahabi wa Ukerewe, wa vijiji vyenye majina na misiba inayoeleweka, alikutana na safari isiyo na ramani, wahusika wanaosaka ukweli mahali ambapo wakati umevunjika na maswali hayajibiwi moja kwa moja. Wengine walidhani ameacha kuwa msimuliaji. Mimi nasoma tofauti. Naona swali lililoulizwa katika tasnifu likiendelea kuulizwa kwa njia ambayo tasnifu isingeweza: je, unaweza kuujua ukweli bila kwanza kujitenga nao? Tasnifu ilitetea hoja. Riwaya ziliwaweka watu ndani ya hoja hiyo watembee gizani. Wisconsin haikumtaka alete riwaya, na kwa hiyo kazi hizi mbili zilitenganishwa na miaka na lugha, moja ikabaki kwenye rafu za maktaba kwa Kiingereza, nyingine ikasomwa na Waswahili bila mwenzake. Hilo linanisikitisha kila ninapofikiria ni wanafunzi wangapi wa Nagona wangefaidika kuzisoma pamoja.

K. W. Wamitila alipunguza umbali huo. Uhakiki wa Fasihi na riwaya ya Bina-Adamu! vilitoka mwaka mmoja, 2002, vyote kwa Kiswahili, na mwalimu yeyote anayevifundisha pamoja atagundua vinavyosemezana.

Jennifer Nansubuga Makumbi aliipitia njia yenyewe rasmi. Alifundisha fasihi Uganda, akaenda Uingereza, akasoma uzamili wa uandishi mjini Manchester, kisha PhD ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Lancaster. Riwaya aliyoishughulikia katika masomo hayo ndiyo iliyokuja kuitwa Kintu, hadithi inayoanzia Buganda ya mwaka 1750 na kufika Kampala ya 2004. Mwaka 2013 mswada huo ulishinda shindano la wachapishaji wa Nairobi, Kwani?, na mwaka uliofuata wachapishaji hao wakautoa kuwa kitabu. Angalia mwelekeo wa safari hiyo: chuo kilikuwa kaskazini mwa Uingereza, lakini kitabu kilizaliwa Nairobi na kusomwa kwanza na watu wa kwetu Afrika Mashariki.

Si kila mtu anahitaji haya. Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani, kati ya 1969 na 1972, na hakuna mtaala unaoweza kudai kwamba ungemfundisha kitabu hicho. Abdulrazak Gurnah alisoma PhD ya fasihi tu, Chuo Kikuu cha Kent, mwaka 1982, juu ya vigezo vya kuhakiki bunilizi za Afrika Magharibi. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987 nje ya mfumo wowote wa shahada. Mwenye uwezo wa kulinda saa zake za kuandika pembeni ya kazi nyingine, na mwenye wenzake wanaomsoma kwa ukali, anaweza kubaki alipo na kutunga vizuri. Shahada ya pamoja inamfaa mtu wa aina moja hasa: yule ambaye anapotunga hujikuta anauliza maswali ya kihakiki, na anapohakiki hutamani kujibu kwa hadithi.

Swali zuri linakuwaje? Tuseme mtu anataka kuandika riwaya ya makuli wa bandari ya Dar es Salaam, na anataka isimuliwe kwa nafsi ya "sisi", genge zima likisema kwa mdomo mmoja. Akiandika katika pendekezo lake kwamba sehemu ya uhakiki itachunguza "taswira ya wafanyakazi katika riwaya ya Kiswahili", ameandika mada inayoweza kufanywa na yeyote, wakati wowote. Lakini akiuliza ni kwa njia zipi riwaya ya Kiswahili imesimulia wengi kwa pamoja, na kwa nini mara nyingi mwishoni humrudia mtu mmoja, sasa ana kazi. Atarudi kwenye Kuli ya Shafi Adam Shafi, inayohusu mgomo wa Zanzibar wa 1948, aone mwandishi alimwekaje mhusika wake mkuu, Rashidi, mbele ya umati. Atasoma tenzi za vita, ambamo sauti ya wengi ina historia ndefu. Atakachokigundua kitamrudisha kwenye sura yake ya tatu, mahali ambapo genge lake linasambaratika, na pengine kitamlazimu aiandike upya. Hapo uhakiki umeshaanza kumlipa.

Maombi na pesa

Kwa vyuo vya Marekani, maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Huombwa sampuli ya utunzi, mara nyingi kurasa 20 hadi 30 za nathari au takriban kurasa 10 za mashairi. Insha ya kihakiki. Maelezo ya nia. Na barua tatu za mapendekezo. Wengi wetu huhangaikia maelezo ya nia na kuiacha sampuli ya utunzi kama ilivyo. Fanya kinyume. Wasomaji wa maombi huanza na sampuli, na wakishaipenda huyasoma mengine kwa jicho la huruma. Insha ya uhakiki nayo isiwe sura iliyokatwa kutoka tasnifu ya zamani ikiwa na mapengo. Iwe hoja inayosimama yenyewe.

Uingereza, kabla hujajaza fomu, mwandikie mtu ambaye ungependa akusimamie. Msome kwanza. Barua fupi inayoonyesha kwamba umesoma kitabu chake na unajua kwa nini swali lako linamhusu ina nguvu kuliko wasifu mrefu.

Kuhusu pesa nasema bila kuzunguka: usikubali PhD ya Marekani isiyo na ufadhili kamili. Programu zinazojiheshimu humsamehe karo mwanafunzi wa PhD na kumpa posho, naye hufundisha, mara nyingi kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Posho hiyo hutosha mtu mmoja kuishi kwa kujibana. Kwa mwenye familia ni vita. Anayekuja na Kiswahili kizuri ana mlango mwingine. Vyuo vingi vya Marekani hufundisha Kiswahili, na mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayeweza kukifundisha mara nyingi hupata nafasi ya ualimu msaidizi huko. Mpango wa Fulbright nao huwapeleka walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo, na mwaka huo ni fursa ya kuzijua idara kwa macho yako kabla ya kuomba. Kwa Uingereza karo ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na, kwa uzamili wa mwaka mmoja, Chevening, ndizo njia zinazojulikana zaidi.

Chumba cha warsha

Utaratibu uliozoeleka wa warsha ni huu: mtunzi hugawa kurasa zake wiki moja kabla, wenzake kumi au kumi na wawili huzisoma na kuandika maoni pembeni, kisha siku ya mjadala wote huzungumza huku mtunzi akinyamaza. Haruhusiwi kueleza alichokusudia. Anaandika tu.

Kwa aliyelelewa katika mila ya ushairi wa Kiswahili, ukimya huo ni mgumu. Katika magazeti yetu, tangu enzi za Mambo Leo iliyoanza mwaka 1923, malenga akipingwa hujibu, na hujibu kwa shairi. Mpinzani naye hana ruhusa ya kukosoa kwa nathari ya haraka. Lazima atunge, afuate vina, aonyeshe kwamba anaweza kile anachokilaumu. Huo ni uhakiki unaomdai mhakiki ustadi, na sijaona warsha yenye sharti kali kiasi hicho. Matthew Salesses, ambaye mwenyewe alisomea Houston, ameupinga ukimya wa warsha katika kitabu chake Craft in the Real World (2021): anaonyesha kwamba mtunzi anaponyamazishwa, wengi chumbani humpima kwa matarajio ya jamii yao wenyewe na kuyaita kanuni za sanaa. Mwanafunzi kutoka Tanga au Bukavu ataligundua hilo wiki ya kwanza, atakapoambiwa kwamba wahusika wake ni wengi mno, kwamba shangazi hana kazi katika msuko, au kwamba methali zinachelewesha kisa.

Hata hivyo ningeutetea ukimya huo kwa muhula mmoja au miwili. Kusikiliza watu kumi wakielewa vibaya ukurasa wako, bila nafasi ya kuwasahihisha, kunakuonyesha kilichomo kwenye karatasi na kilichobaki kichwani mwako. Na hapa ndipo upande wa fasihi unapokuwa ngao. Aliyesoma kwa kina jinsi simulizi za Kiswahili zinavyogawa nafasi kati ya jamaa na majirani ataweza kutofautisha: maoni haya yamegundua udhaifu wangu, maoni yale yamegundua tu kwamba mimi si Mmarekani. Asiyekuwa na usomaji huo hufuata kila kitu na kurudi na hadithi iliyonyooka, safi, isiyo na shangazi.

Kuandika kwa lugha ipi

Swali hili liulizwe kabla ya maombi, na liulizwe chuo chenyewe kwa maandishi. Je, sehemu ya kubuni inaweza kuwa kwa Kiswahili? Wengine watakubali kwa sharti la tafsiri sambamba. Wengine watakataa, si kwa chuki, bali kwa sababu tasnifu lazima isomwe na msimamizi, kisha na watahini, na idara ya Kiingereza haina mtu wa kuisoma. Kwa hiyo tafuta chuo ambacho wasomaji wa Kiswahili wapo, hata kama ni idara ya jirani. SOAS, London, ina wasomi wa Kiswahili. Hapo ndipo anapofundisha Ida Hadjivayanis, aliyeifasiri Paradise ya Gurnah kuwa Peponi. Cornell, kwa upande wake, kilikuwa mshirika wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Ujerumani haina mila kubwa ya shahada ya pamoja, lakini Leipzig na Bayreuth wana usomi wa muda mrefu wa Kiswahili, na Said Ahmed Mohamed alikuwa tayari ameandika Utengano na Dunia Mti Mkavu alipopata PhD yake Leipzig mwaka 1985.

Ukilazimika kutunga kwa Kiingereza, basi upange tangu mwaka wa kwanza namna Kiswahili kitakavyobaki hai mkononi mwako. Miaka mitano ya kuandika kila siku kwa lugha nyingine hubadilisha sikio. Andika daftari kwa Kiswahili, tunga mashairi, fasiri sura zako mwenyewe zinapokamilika. Ninayo pia haja kwa vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya Kiswahili mwaka 1970 na kimewaruhusu wanafunzi kuandika tasnifu zao kwa Kiswahili. Vyuo vikuu vyetu vyenye usomi wa kiasi hicho vina watu wa kusimamia mswada wa riwaya pamoja na sura zake za uhakiki, na vina watahini. Waliotunga na kuhakiki kwa wakati mmoja, kuanzia Mulokozi hadi Wamitila, wamekuwa walimu humo miaka yote. Kinachohitajika ni kanuni iandikwe na kupitishwa, iseme riwaya itapimwaje, sehemu ya uhakiki iwe na urefu gani, na nani ana sifa ya kutahini. Iowa ilifanya hivyo kwa tangazo moja mwaka 1922.

Siku ya utetezi na baada yake

Uingereza utaketi na watahini wawili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, kwa saa mbili hivi. Marekani utaketi na kamati yako, ambayo tayari inakujua. Kote watakuuliza jambo moja kwa sura tofauti: sehemu hizi mbili zinahitajiana wapi? Jibu lisiwe la jumla. Fungua ukurasa wa riwaya, onyesha aya iliyobadilika kwa sababu ya ulichosoma. Kisha fungua sura ya uhakiki, onyesha hoja ambayo usingeifikia kama hukuwa umejaribu kuandika tukio lile mwenyewe.

Kabla ya kukabidhi nakala ya mwisho, shughulikia jambo ambalo wengi hulisahau katika furaha ya kumaliza. Vyuo vingi siku hizi huweka tasnifu katika hifadhi ya mtandaoni ambako yeyote anaweza kuipakua. Kwa tasnifu ya kawaida hilo ni jema. Kwa riwaya ambayo haijachapishwa linaweza kuwa pigo, maana mchapishaji anaweza kusita kununua kitabu kinachopatikana bure. Omba kizuizi cha muda, kwa maandishi, na uulize kinaweza kuongezwa mara ngapi. Mahali pengi huwa miaka kadhaa. Sehemu ya uhakiki usiifungie pamoja nayo. Ikate iwe makala mbili au tatu, uzifasiri kwa Kiswahili ikiwa uliziandika kwa Kiingereza, kisha uzipeleke kwa majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika, yanayotolewa Dar es Salaam, au Swahili Forum la Ujerumani, wakati mswada wa riwaya ukiwa mezani kwa mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam. Ukiweza, mwambie mchapishaji huyo makala hizo zipo na zinapatikana wapi, ili mwalimu atakayeifundisha riwaya siku moja awe nazo tangu mwaka wa kwanza.